Kumfuata Rehema Ujaluoni

Wanaonijua mtaani kwetu Mwanza wanakumbuka nilivyokuwa nikijisifia lugha. Kiswahili nilikipata kwa baba, Mmanyema. Kisukuma kwa mama. Kihindi cha dukani nilikiokota barazani nikishona nguo za watu. "Lugha ni masikio tu," nilizoea kusema. Kumbe zote hizo zilinijia zenyewe, mimi nimekaa. Ya nne ilinibidi nipande meli kuifuata, maana ndiyo aliyokuwa akiisema mwanangu.

Rehema alikuwa na miaka miwili nilipolazwa kwa ugonjwa wa kifua. Mume wangu, Mjaluo aliyesilimu ili anioe, alimpeleka kwa mama yake, karibu na Shirati. Nilikaa hospitali karibu miaka miwili. Nilipotoka, miezi michache baada ya Uhuru, wifi yangu Adongo alituandikia kwamba mtoto ni mzima na mnene, ila Kiswahili hajui tena hata neno. Nililia, kisha, kwa kuwa mume wangu alishinda kazini, nikaenda kwa jirani yangu Mjaluo, Mama Apiyo, muuza samaki wakavu, nikamwomba anifundishe.

"Kisukuma na Kijita ni ndugu, ukijua kimoja cha pili unakibahatisha," alinionya. "Kijaluo hakina undugu na lugha zenu. Utatoka jasho."

Lilinitoka kweli. Mwezi mzima nilikuwa nikizungumza Kijaluo na cherehani.

Siku ya safari, alasiri, meli iling'oa nanga. Mume wangu hakupata ruhusa kazini, akabaki gatini akipunga mkono. Vilima vya mawe vilirudi nyuma polepole, ziwa likawa jeupe, hata sikujua maji yanaishia wapi na mbingu inaanzia wapi. Abiria walibishana lugha gani ngumu kuliko zote. Karani mmoja alisema Kiingereza, kwa kuwa kinaandikwa hivi na kusemwa vile. Aliponisikia nikinong'ona maneno yangu ya Kijaluo, alicheka.

"Tumepata Uhuru, mama. Lugha za makabila za nini tena? Kiswahili kinatosha."

"Mwambie mwanangu," nikamjibu.

Asubuhi tulishuka Musoma, nikapata lori la mizigo. Pale Kirumi tulivuka Mto Mara kwa pantoni, katikati ya mafunjo yaliyosimama kimya pande zote mbili. Nilisinzia. Ng'ambo ya pili nilipozinduka, wenzangu kwenye lori walikuwa wanaongea na sielewi, kana kwamba nimeamkia katika usingizi mwingine.

Saa tisa nilifika. Mama mkwe alikuwa uani anapeta mtama, na nyuma yake amesimama msichana mwenye paji la uso la baba yangu. Nikasema neno nililolifanyia mazoezi kuliko yote: "Bi, nyathina," yaani njoo, mwanangu. Alinitazama kama anavyotazamwa mchuuzi, akajificha kwenye nguo ya bibi yake. Pale walimwita Akinyi, kwa kuwa alizaliwa asubuhi.

Nilipewa nyumba ya mume wangu, aliyoijenga tangu ujana wake. Mtoto akabaki kulala kwa bibi.

Siku ya tatu, mchana wa jua kali, nilipita mlangoni nikamwona amelala peke yake kitandani kwa bibi. Niliingia, nikajinyoosha pembeni yake. Alinukia maziwa na moshi. Mjini kwetu mke wa mtu hujilaza kitandani kwa mkwewe na hakuna anayegeuka kutazama. Usingizi ukanichukua, mtamu ajabu, mkono wangu juu ya mgongo wake.

Niliamshwa na ukelele wa mama mkwe. Adongo alikuja mbio akanivuta nje.

"Wifi, umefanya nini? Kitanda cha mkwe hakilaliwi! Hata nyumbani mwake hulali. Ni mwiko mkubwa, unaleta maradhi!"

"Mbona hamkuniambia?"

"Mtu mzima nani humwambia hivyo?"

Nilijua nimempoteza mwanangu. Aliitwa mzee wa ukoo, akatayarisha maji ya mizizi ya kuondoa ule mwiko, nikanywa na mama mkwe kutoka kibuyu kimoja. Baadaye tulikaa uani, na mama mkwe akasema taratibu, Adongo akinifasiria.

"Alikuja hapa na Kiswahili chake. Mvua mbili tu zikakimaliza. Ukimchukua, mvua mbili nyingine zitanimaliza mimi."

Alisema kweli. Nikajaribu kumwambia kwa Kijaluo changu kwamba nyumbani kwangu lugha yake haitakufa. Sijui nilisema nini. Rehema alitoka nyuma ya bibi akicheka, akalisema sawasawa neno nililoliharibu, polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto mchanga. Nikarudia, nikakosea. Akakanyaga ardhi kwa hasira, akarudia tena. Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kunisemesha. Mama mkwe alitutazama, kisha akaingia ndani kumfungia mtoto nguo zake za safari.

Njia nzima ya kurudi alinitajia vitu kwa Kijaluo: mafunjo, ndege, moshi wa meli. Sasa yuko Mwanza na Kiswahili kimemrudia chote, hata matusi ya mtaani. Wanaouliza lugha ipi ni rahisi nawaambia kwa mtoto zote ni rahisi, kuingia na kutoka pia. Kwa hiyo jua likishuka, nyumbani kwangu ni Kijaluo tu. Mume wangu hucheka matamshi yangu mpaka anakohoa. Rehema hunijibu kwa Kiswahili, nami hujifanya sisikii mpaka abadilishe.

Bibi yake atakuja baada ya mavuno. Ninachoomba ni hiki: akishuka melini, mtoto amkimbilie, waanze kusimuliana, na mimi niachwe nyuma na mizigo, nisielewe hata nusu ya wanayosema.