Mume Wangu, Mpagani wa Jumanne

Mume wangu alifanya kazi ya reli hapa Kamina mpaka akastaafu, na miaka yote hiyo alikuwa pia mzee wa kanisa. Kwa hiyo tulipoitwa wote wawili kwenda kuhudumu katika kituo cha kufundisha wamisionari, hakuwa na shaka kwamba atapewa darasa. Alijinunulia chaki.

Mkurugenzi, mchungaji wa umri wa kitinda mimba wetu, alitupokea kwa heshima nyingi. Alituonyesha nyumba yetu ya vyumba viwili nyuma ya jiko, kisha akatugawia kazi. Mimi ningeangalia afya ya wanafunzi. Mume wangu, ambaye alimwita Papa kwa heshima, angekuwa mpagani.

Alieleza upesi, maana aliuona uso wa mume wangu. Kila Jumanne wanafunzi wangekuja wawili wawili kupiga hodi kwetu, kujifunza kumtembelea mtu asiyesali. Mume wangu angekuwa mtu huyo. Mimi ningekuwa mke wake, nimimine maji ya kunywa na kunyamaza.

Tulipobaki peke yetu alilalamika kwamba amelitumikia kanisa tangu ujana, na leo amefanywa mpagani. Nikamwambia wengine wanaufikia upagani bila kuteuliwa na mtu.

Jumanne ya kwanza alishindwa vibaya. Aliwafungulia mlango kabla hawajapiga hodi, akawapa viti, akakubali kila neno, akatubu kabla maji hayajaisha kwenye gilasi. Kisha akawasahihisha mstari wa Biblia waliokosea, akafunga kwa maombi marefu. Mkurugenzi alimwomba kwa upole awe mgumu kidogo.

Neno hilo lilimchoma, kwa sababu mtu wa reli hafanyi kazi nusu. Jumanne iliyofuata alivaa kofia kuukuu, akafungua redio kwa sauti, akakaa ameupa mlango mgongo. Aliwauliza wageni kama kwao hakuna kazi za kufanya. Mwanafunzi mmoja, mwalimu wa shule kabisa, alisahau jina la kijiji chake. Baada ya miezi mitatu walikuwa wanafunga kula kila Jumatatu kwa ajili yetu, na jikoni nilisikia wanamwita Farao. Nilipompelekea habari hiyo alijifanya amekasirika, lakini alitembea wiki nzima kifua mbele.

Kisha, wakati wa mvua, akaja msichana wa Kinkondja, binti wa watu wanaokausha samaki. Alikuja peke yake, mwenzake alikuwa na malaria. Kiswahili chake kilichechemea, na karatasi ya maswali aliishika kwa mikono miwili. Mume wangu alimkaribisha kwa mgongo kama kawaida. Msichana akasoma swali la tatu: ni kitu gani kinachokuzuia kusali?

Jibu lake la siku zote lilikuwa "kelele za mke wangu." Safari hii hakulitoa. Akazima redio.

"Minyi nilimuombaka Mungu siku tatu juu ya mutoto yangu," alisema. "Siku ya ine, mutoto alikufa. Sasa weye unakuya kuniambia nini?"

Halikuwa jibu la kuigiza. Mtoto wetu wa kwanza, wa kike, tulimzika Bukama, alikoanzia kazi ya reli, tulipokuwa bado vijana. Kesho yake mume wangu alirudi kazini, na tangu siku hiyo hakumtaja tena. Mimi nikimtaja, alitoka nje kuangalia mawingu.

Msichana alikunja karatasi. Aliuliza mtoto aliitwa nani.

Mume wangu akalitaja jina. Nilikuwa nimeshika jagi, nikaliweka chini. Msichana akauliza alikuwa mtoto wa namna gani, naye akasema alicheka kila treni ilipopiga honi, na kwamba alikuwa na paji la uso la mama yake. Sikujua kama aliwahi kuliangalia paji langu la uso.

"Papa," msichana alisema. "Nitaikala tu hapa kidogo."

Akakaa mpaka kengele ikalia, akashukuru, akaenda.

Mkurugenzi alipouliza habari zake, alishangaa kusikia hakutoa hata mstari mmoja. Mume wangu alimjibu kwamba msichana amefaulu, na asiyekubali atafute mpagani mwingine.

Jioni ile alikuja jikoni kunisaidia kumenya viazi, jambo ambalo halijawahi kutokea, na nusu ya kila kiazi ilikwenda na maganda. Nilimuuliza kwa nini amemwambia mgeni na si mimi.

"Weye ulikuwa unajua," alisema.

Nilimwambia kujua si sawa na kuambiwa. Alilifikiria hilo kwa muda wa kiazi kizima. Kisha akauliza kama nakumbuka kitambaa tulichombebea, nami nikasema kilikuwa cha kijani, naye akabisha kwamba kilikuwa cha bluu, na tukabishana hivyo mpaka sombe yangu ya majani ya muhogo ikaungua.

Kiangazi kilipofika tulipanda treni kwenda Bukama. Tulikuta majani marefu makaburini, tukayakata, tukakaa. Wakati wa kurudi, mama mmoja mwenye vikapu vya samaki alituuliza tuna watoto wangapi. Maisha yake yote mume wangu alijibu watano. Siku ile alisema sita, kisha akanitazama kuona kama nitabisha.

Sikubisha.