Rivolva Tatu za Mzee

Mzee niliyemfanyia kazi Doha alikuwa na rivolva tatu, na kwa miaka kumi na moja nilimsomea bei zake. Niliajiriwa kama dereva. Lakini dereva wa nyumba ya watu kule ni dereva kwenye karatasi tu. Nimemwagilia mitende, nimebeba mitungi ya gesi, nimesimama foleni za hospitali, na nimesoma kwa sauti bei za silaha kuukuu ambazo sikuwa na haja nazo. Hilo la mwisho ndilo lililonichosha kuliko yote.

Zilikuwa za aina ile ya zamani ambayo kwa kila risasi lazima kwanza uvute nyundo nyuma kwa kidole gumba. Usipoivuta, utabonyeza kifyatulio hadi kesho na hakuna kitakachotokea. Mzee alizinunua ujanani kwa Mmarekani wa mambo ya mafuta aliyekuwa akifungasha kurudi kwao, tena kwa bei ya mbuzi wachache, kama alivyopenda kusema. Vibali vyake vilikaa kwenye droo, zenyewe zilikaa sebuleni ndani ya kabati la chuma lenye kioo, na ufunguo ulining'inia shingoni mwake. Sikuwahi kuzigusa. Nilipangusa kioo.

Macho ya mzee hayakuweza tena kusoma maandishi madogo. Kila Alhamisi baada ya sala ya alasiri aliita, "Kenya, taal!" yaani njoo, nami nikaja na katalogi ya mnada iliyotumwa kutoka ng'ambo. Jina langu alilijua vizuri, hakuona tu sababu ya kulitumia. Mimi nilimwita Baba, kama sote tulioajiriwa majumbani tulivyowaita wenye nyumba. Nilikaa kwenye zulia, nikatafuta rivolva zilizofanana na zake, nikasoma hali ya chuma, hali ya mpini, halafu bei. Nilitafsiri kwa Kiarabu changu cha jikoni, na tulielewana.

Bei zilikuwa zikipanda. Mwaka wangu wa kwanza, ile iliyokuwa nzuri kuliko zote ingeuzwa kama dola elfu nne. Mwaka wa tatu ilikuwa elfu sita. Mzee alishika kila namba kichwani, akacheka kicheko cha mtu ambaye hajafanya kitu na bado amepata.

Mpango wa nyumba ile ulijulikana na kila mtu. Mke wa mzee alikuwa ameshafariki. Mwanawe alikuwa amejenga Al Wukair, nje ya jiji, na alimtaka baba yake akaishi naye, ila alisema wazi kwamba nyumba yake ina watoto wadogo na silaha haziingii. Kwa hiyo rivolva zikiuzwa, nyumba ya zamani inafungwa, mzee anahamia kwa mwanawe, nami napewa malipo yangu ya mwisho na karatasi ya kutoka, narudi kwetu Kitale moja kwa moja. Bila sahihi ya kafili wako, yaani mwajiri aliyekudhamini, hukuvuka uwanja wa ndege siku zile. Nilitazama kabati lile kila siku nikijua kwamba safari yangu imo humo.

Mwaka 2008 nilipata likizo. Mama alinipokea mlangoni, na nikaona kwamba anaponisalimia anaangalia bega langu. Kliniki walisema ni presha ya macho. Jicho moja lilikuwa limekwisha, na la pili lingefuata polepole, dawa ya matone ingechelewesha tu. Mama hakulia. Alinivuta hadi dirishani, akageuza kichwa ili jicho zima linipate, akaniangalia kwa muda mrefu.

"Urudi kabla hili halijazima," alisema. "Nataka nikuone ukiwa umerudi, sio ukiwa unaenda."

Nilimwahidi. Nilikuwa na miaka arobaini na niliahidi kama mtoto, bila kufikiri ahadi yenyewe iko mikononi mwa nani.

Niliporudi Doha, dunia ilikuwa imeishiwa pesa. Hata West Bay, mtaa wa maghorofa marefu, baadhi ya minara ilisimama nusunusu, winchi zimeganda juu. Katalogi iliyofuata ilionyesha rivolva kama za mzee zimeuzwa chini ya bei ya mwaka uliotangulia. Nilikaa kwenye zulia nikaiangalia namba ile. Nilijua akisikia zimeshuka atasema tungoje zipande, na jicho la mama halikuwa na nafasi ya kungoja. Basi nikamsomea bei ya juu. Elfu tisa, nikasema.

Hapo ndipo nilipojifunga mwenyewe. Mimi ni mtoto wa wakulima wa mahindi. Kwetu bei ikipanda unauza, tena unauza asubuhi hiyohiyo kabla wadudu hawajaingia ghalani na kabla jirani hajasikia. Sikuwa nimewahi kukutana na mtu ambaye bei nzuri inamfanya ashikilie mali. Mzee alisikia elfu tisa, akapiga paja, akasema, "Mashallah! Na mwakani je?"

Nikaongeza. Kila msimu nilijiambia kwamba safari hii nitataja bei ambayo hakuna mwenye akili timamu ataikataa, na kila msimu mzee alifurahi zaidi na kushikilia zaidi. Nilipoomba likizo alisema, "Ya nini tiketi mbili, Kenya? Tukiuza unaenda moja kwa moja." Sikuweza kurudi nyuma na kusema bei imeshuka, maana angeniuliza imeshukaje ghafla hivyo. Miaka ilikwenda. Halafu likaja jambo ambalo hata sasa linanichekesha kwa uchungu. Bei za kweli ziliamka, zikapanda, na Alhamisi moja nikakuta zimeupita uwongo wangu. Nilisoma namba halisi kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitano, na mzee akasema, kama ilivyo ada, tungoje.

Dada yangu alipiga simu nikiwa kwenye maegesho ya hospitali, nikimngoja mzee. Alikuwa akipiga mara kwa mara kuhusu dawa ya matone, nikadhani ni hiyo.

"Dawa wacha kutuma," alisema. "Mama haoni kitu. Tangu Jumapili. Hata taa ukiwasha hajui."

Nilimrudisha mzee nyumbani, nikamsaidia kukaa, na sikuleta katalogi. Nilipiga magoti mbele yake nikamwambia yote: bei nilizobuni, miaka niliyofanya hivyo, na sababu. Niliogopa, kwa kuwa watu walirudishwa kwao mikono mitupu kwa makosa madogo kuliko hilo. Lakini zaidi ya woga nilikuwa na hasira. Nilimwambia, "Baba, mimi nimekuwa macho yako, na mama yangu amepofuka akiningoja."

Mzee aliushika ufunguo shingoni mwake. Kisha akasema polepole, ili Kiarabu changu kimfikie, kwamba hata ningesoma milioni asingeuza. Al Wukair walimwekea chumba karibu na mlango wa jikoni. Alikwishakiona. Mchana kutwa mwanawe yuko kazini, wajukuu wana simu zao, na hakuna mtu wa kukaa naye Alhamisi.

"Wallahi sikujua habari ya mama yako," alisema. "Hukuniambia."

Ni kweli sikumwambia. Kwa miaka sita nilimweleza mzee yule hali ya kila mpini na kila nyundo, na sikumwambia habari ya mama. Niliamini kwamba kafili haelezwi shida bali anaombwa ruhusa, na hivyo ndivyo sote tulivyofundishana. Aliomba kalamu na karatasi yangu ya kutoka. Nilimshika mkono nikauweka mahali pa sahihi, akatia.

Nilifika Kitale kabla ya saa sita mchana, jua limejaa uani. Mama alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, amevalishwa vizuri. Nilichuchumaa mbele yake nikasema, "Mama, nimerudi." Aliinua mikono yake miwili akanishika uso. Alipitisha vidole kwenye mashavu ambayo hakuyajua, kwenye mikunjo kando ya mdomo, akapanda hadi kwenye paji la uso, akaendelea kupanda akitafuta nywele, asizikute. Vidole vikasimama pale. Akageukia upande alikokuwa dada yangu.

"Una hakika ni yeye?" akauliza.