Kupita Kipimo

Nilirudia mwaka wa tano wa sekondari kwa sababu ya sentensi moja, na sijutii. Najua wanaorudia darasa husema hivyo ili kujikosha. Mimi nasema kwa kuwa ndivyo ilivyo. Sentensi yenyewe ilikuwa fupi, ya Kifaransa, na mwanafunzi yeyote wa darasa letu angeiandika huku akitafuna muwa. Wenzangu wote waliiandika. Mimi nilikataa mara mbili, mwezi wa sita na tena mwishoni mwa mwezi wa nane, na mara ya pili nilijua vizuri kabisa kitakachonipata.

Mwaka ule tulikuwa tunasoma tanzia za kale na filamu zilizotengenezwa kutokana nazo. Siku nilipoleta habari hiyo nyumbani, nilisema tunasoma teyatre, na hapo ndipo nilipokosea. Huku Goma teyatre ni vichekesho: ni wale watu wa televisheni wanaojaza mito tumboni na kuangushana kwenye matope. Ukitaka mtu aache mzaha, unamwambia aache teyatre. Baba mkubwa, kaka yake marehemu baba, ndiye aliyekuwa akinilipia shule, naye akataka kujua kama ananilipia nikachekeshwe. Nikamweleza kwamba hii ni teyatre ya watu wa zamani, na mwishoni hufa karibu wote. Akasema afadhali.

Mchezo ulikuwa kijitabu cha fotokopi, kimoja kwa kila benchi, na kurasa nyingine zilikuwa zimefifia hata tukalazimika kubuni maneno. Hadithi yake nitaifupisha vibaya. Mfalme anaanzisha vita. Mwanawe anafia katika vita hivyo, na mwili wake hauletwi mjini. Mfalme anatangaza kwamba hakuna ruhusa ya kulia mpaka ushindi upatikane, maana kilio huwalegeza askari. Malkia analia. Analia mchana hadi askari walioko ukutani wanaziba masikio, na wanawake wa mji wanakuja mmoja mmoja kukaa naye chini. Mfalme anamfungia mnarani, na humo ndimo anamofia.

Mwalimu wetu alikuwa mtu wa upande wa Bukavu, Mkatoliki, shati lililopigwa pasi kila siku ya Mungu. Alikuwa anakuja kwa pikipiki kutoka Lac Vert, na kabla ya kuingia darasani alisimama mlangoni akapangusa vumbi la viatu kwa kitambaa. Nilimpenda, lazima niseme. Alisoma maneno ya malkia macho yakiwa yamefumbwa, bila kitabu, na wavulana wa nyuma wakanyamaza. Tatizo lake ni kwamba mapadri waliomfundisha walimwambia kila tanzia ina kosa moja la shujaa wake, na kosa hilo huandikwa kwenye daftari na kupigiwa mstari. Kwa hiyo, baada ya kusoma hivyo, alifumbua macho, akachukua chaki na kutuamuru tuandike: kosa la malkia ni démesure. Akatufafanulia kwa Kifaransa kwamba neno hilo maana yake ni kutoka nje ya kiasi. Malkia hakukosea kulia. Kosa lake ni kwamba alilia kupita kipimo.

Kalamu yangu ikasimama hapo hapo, kwa sababu maneno hayo niliyajua. Nilikuwa nimeyasikia nyumbani kwetu, kwenye mkeka, yakiambiwa mama yangu.

Kaka yangu alikuwa motari, dereva wa pikipiki. Alibeba abiria na magunia kati ya Goma na Rutshuru, na asubuhi moja aliondoka akiwa amefunga nyuma ya pikipiki godoro la mteja. Hakurudi. Pikipiki haikurudi, godoro halikurudi, na hakuna aliyetuletea mwili. Tuliulizia hadi watu wakaanza kutukwepa. Mwishowe wazee wa familia, ambao babu zao walitoka Maniema na dini yao mkononi, walikaa, wakamsomea hitima, wakasema imetosha. Mama hakuona kama imetosha. Alilia akiwa sokoni, akapima maharagwe huku akilia, na akiwa anafua alilia. Jirani zetu walikuja na mikeka yao wakakaa naye, Waislamu kwa Wakristo, na uani kwetu hapakupitika.

Ndipo baba mkubwa akaja. Alikaa kwenye kiti, mama akiwa chini, akasema dini imeweka siku tatu na watu wanaanza kusema. Nakumbuka alivyomalizia: "Mama, unalia kupita kipimo. Acha sasa."

Mama aliacha. Aliacha siku ile ile, kama mtu anayefunga bomba, na kwa miaka miwili sikumwona hata na jicho jekundu. Wazee walimsifu. Mimi nilikuwa nikimsikia usiku anavyohema, na nikawa nawaza siku tatu hizo zilipaswa kuhesabiwa kuanzia lini, ikiwa hatujui alikufa siku gani. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Baba mkubwa alikuwa akiitumia methali hiyo kwenye harusi za watu, lakini kwa mama yangu aliisahau.

Basi ninyi niambieni, ningeandikaje?

Filamu tuliitazama siku ya Alhamisi. Umeme ulikuwa umekatika, hilo halina habari, kwa hiyo mwalimu alileta kompyuta yake ikiwa imechajiwa huko kwao, akaiweka juu ya madawati mawili yaliyobebana. Wasichana tulitundika vitenge madirishani ili kuzuia jua. Wavulana waliozoea vibanda vya video, ambako mtafsiri husimama na kipaza sauti akieleza kila ngumi, hawakuweza kuvumilia filamu isiyo na mtafsiri, na mmoja wao akajipa kazi hiyo kwa kunong'ona. Wazungu wale walikuwa wazuri sana. Wanawake wa mji, wale wanaokuja kukaa chini na malkia, walikuwa wameondolewa wote. Mwalimu alituambia filamu haina nafasi ya watu wanaokaa tu. Na malkia, ulipofika wakati wa kulia, aligeuka dirishani, likamtoka chozi moja. Moja. Likateremka taratibu hadi katikati ya shavu likasimama.

Tulicheka. Hatukucheka kwa ubaya, tulicheka kwa sababu hapa hakuna mtu aliyewahi kuona mama aliyefiwa akilia hivyo, bila kamasi, kilemba kikiwa sawa kichwani. Mwalimu alikasirika, akasema tunageuza tanzia kuwa teyatre. Kisha betri ikaisha, mfalme akiwa katikati ya ngazi za mnara. Mwalimu alibonyeza vitufe vyote, wapi, akatusimulia mwisho akiwa amesimama: mfalme anafungua mlango, malkia amekwisha kufa, kama kitabuni.

Kazi ya mwisho wa mwaka ilikuwa kulinganisha kitabu na filamu, na mpango wake tulipewa ubaoni. Utangulizi, tofauti, mambo yanayofanana, na hitimisho ambalo lazima liwe na ile sentensi: malkia anakufa kwa démesure yake. Mimi niliandika yote isipokuwa hiyo. Mwalimu akanisimamisha mbele ya darasa nieleze kwa nini.

Nilieleza kwa Kifaransa. Nikasema kitabuni malkia analia hadi askari wanaziba masikio, na anakufa. Katika filamu analia chozi moja tu, tulilihesabu sote, na bado anakufa, kama alivyotuambia mwalimu mwenyewe. Basi kinachomuua si wingi wa machozi. Kinachomuua ni mtu aliyefunga mlango.

 Mwalimu alinitazama, na naapa niliona amefurahi, sekunde moja hivi. Lakini akasema kosa la shujaa halitafutwi kwa mfalme, na akaniuliza kwa upole kama sikubali kwamba kila kitu kina kipimo chake. Hapo Kifaransa kikaniishia. Nikamjibu kwa Kiswahili cha nyumbani, kile kinachosema njo mahali pa ndiyo: "Mwalimu, kipimo bila kupita njo wizi."

Wenzangu waliangua kicheko, maana wote wametumwa sokoni. Maharagwe huku kwetu hupimwa kwa kopo la maziwa ya mtoto, lile tunaloliita gigozi. Muuzaji akilijaza akasawazisha mdomo wake kwa kiganja, mteja hununa na kwenda kwingine. Kipimo cha haki kina kilima juu, na punje zinazoanguka pembeni ni zako. Mama yangu alikuwa na jina sokoni kwa sababu ya kilima chake. Wanawake wa kambi za wakimbizi za Mugunga walitembea njia yote ile, wakawapita wauzaji kumi, kuja kupimiwa naye. Kwetu kutopita ndiko kosa. Hayo yote sikuweza kuyasema kwa Kifaransa, na sijui kama yanasemeka.

Nilipata kibao. Yaani kile kipande cha ubao chenye kamba ambacho huvaa shingoni anayesema Kiswahili shuleni, hadi amnase mwenzake. Nilikivaa siku mbili kwa sababu sikutaka kumnasa mtu. Na kwenye Kifaransa nilipata alama nne juu ya ishirini, maana hitimisho lilikuwa ndilo lenye alama nyingi. Siku ya kutangaza matokeo niliambiwa nirudi mwezi wa nane kufanya mtihani wa pili.

Likizo hiyo nilishauriwa na kila mwenye mdomo. Andika sentensi, upite, halafu uamini unachotaka. Baba mkubwa hakujua sentensi ni ipi wala hakuuliza. Alisema tu kwamba nikianguka tena, shule imekwisha, nitakwenda kukaa na mama yangu nyuma ya maharagwe. Akaongeza kwamba mkaidi hafaidi hadi siku ya Idi. Niliogopa, nisijidai. Niliitaka shule kuliko kitu chochote. Nililala nikiiandika ile sentensi kichwani, na kila nilipofika kwenye neno lenyewe niliona kiti, mkeka, na mama akifunga mdomo.

Mwezi wa nane swali lilikuwa lile lile: taja kosa la malkia. Niliandika kwa mwandiko mzuri kwamba malkia hana kosa. Nikatoka nje.

Jioni matokeo yalipojulikana, nilimkuta mama uani anachagua mawe kwenye maharagwe. Hakunigombeza. Aliuliza nimekosa swali gani. Nikamsimulia mchezo wote, mwanzo hadi mwisho, yeye akiendelea kuchagua. Nilipofika kwa yule mfalme na tangazo lake, mikono ikapunguza mwendo. Nikamweleza na filamu, lile chozi moja lililosimama shavuni, na mama akacheka hadi akashika ubavu. Akataka nimwoneshe lilivyosimama. Kisha akauliza: "Na mutoto wake, walimuleteaka?"

Nikamwambia hapana, hakuletwa.

Mama aliweka ungo chini akalia. Alilia kama alivyokuwa akilia zamani, kwa sauti, akimwita kaka yangu kwa jina la utotoni, na jua lilikuwa bado halijazama, kwa hiyo mtaa mzima ulisikia. Mama wa jirani alikuja na mkeka wake bila kuuliza kitu. Wa pili akafuata. Nami nikakaa.

Kesho yake asubuhi baba mkubwa alikuja sokoni na mfuko wake, kama alivyofanya kila wiki, kuchukua maharagwe ya nyumbani kwake. Alikuwa amesikia ya jana. Alianza na mimi: mambo ya shule yamekwisha, nikae hapo nijifunze kuuza. Halafu akamgeukia mama, akasema yale ya jana hayakupendeza, tulishayamaliza.

Mama alijaza gigozi. Kilima kikapanda juu kama siku zote, na baba mkubwa akafungua mdomo wa mfuko. Ndipo mama akaweka kiganja chake juu ya kopo akakipitisha polepole, hadi kilima chote kikarudi kwenye gunia na maharagwe yakawa bapa kama meza. Sikuwahi kumwona akimfanyia hivyo mtu yeyote.

"Muzee, kipimo njo hii," alimwambia. "Tusiipitishe. Na mutoto atarudi masomo, nitamulipia miye."

Baba mkubwa alitazama kopo, akatazama wanawake waliosubiri nyuma yake, wote wakilitazama kopo lile lile. Mama akamimina maharagwe kwenye mfuko wake, akachukua gigozi tupu, akamwita anayefuata. Huyo alimpimia na kilima.