Fundi Vital na Kaburi la Mgomba

Mtu wa Bunia akikuambia umeme umerudi, muulize kwanza: umerudi kukaa, au umepita kusalimia tu? Fundi Vital aliishi kwa swali hilo. Alikuwa fundi wa friji, mkazi wa mtaa wa Saio, mrefu, mabega yameinama kwa miaka mingi ya kuchungulia nyuma ya mashine za watu. Wakati ule watu walikuwa wakisema vita imekwisha, huku bado wakilala na viatu karibu na mlango. Vital ndiye aliyetunza friji ya chanjo katika kituo kimoja kidogo cha afya hapo mtaani.

Ndani ya friji hiyo kulikuwa na sonde, kitu kidogo kama punje ya haragwe kwenye ncha ya waya, kazi yake kupima baridi. Nje, ukutani, kulikuwa na kompyuta ndogo isiyozidi kiganja, ambayo mafundi waliiita kadi, na hiyo ilipokea habari za sonde na kuzihifadhi. Programu ya kadi ilikuwa ya bure. Iliandikwa na watu waliotawanyika duniani, wasiolipwa, na yeyote aliruhusiwa kuifungua, kuisoma na kuisahihisha. Kipande chake kilichozungumza na sonde kiliitwa pilote. Vital alikuwa amejifunza mambo hayo peke yake, kwa sababu jioni zake zilikuwa ndefu na hazikuwa na mtu.

Shida ilikuwa moja. Umeme ukikatika na kurudi, kadi iliwaka vizuri, kisha ikaandika kwamba hakuna sonde. Muuguzi Agathe, mgeni aliyehamia kutoka Beni, alimwita kila mara.

"Fundi, sonde imekufa tena! Kama sijui baridi iko ngapi, batoto ba batu nitabachoma nini?"

Vital alikuja, akafunga sonde mpya, akawasha kadi upya, ikaitika. Ile ya zamani aliitupa katika kopo la maziwa ya unga na kwenda nalo nyumbani. Hakuipima. Kilichokufa kimekufa, alikuwa akisema, na hapo hakutaka mjadala. Umeme ukakatika tena, ukarudi, na ile mpya nayo ikafa. Kopo likaanza kujaa.

Aliwaandikia wenzake wa mbali, wale wenye programu, kwa Kifaransa chake cha shule. Wakamjibu kwa adabu, mmoja baada ya mwingine: kwangu inafanya kazi. Ni maneno mabaya hayo, hata yakisemwa kwa upole. Mtu ana jino linamuuma, nawe unamwambia lako ni zima! Vital alifunga kompyuta, akapika ugali wa mtu mmoja, akaula akisikiliza redio ya jirani kupitia ukuta.

Hakuwa mjane. Mke wake, Valérie, alikuwa Iga Barrière, karibu kiasi kwamba mtu akienda asubuhi kwa pikipiki mchana amerudi nyumbani. Lakini kuna umbali usiopimwa kwa barabara.

Walikuwa na mtoto mmoja, Willy. Wakati vita ilipochacha, Willy aliondoka na ng'ombe wa babu yake kuwapeleka milimani, na hakurudi, yeye wala ng'ombe. Vital alikwenda kumuulizia. Alifika kambi ya wakimbizi, akaonyesha picha, akaona vichwa vikitikiswa. Akarudi nyumbani na hakwenda tena popote. Si kwamba hakumpenda mwanawe. Kuuliza kulimuuma kuliko kulia, na kulia angalau kuna mwisho. Wazee wa ukoo walipomwambia azike mgomba mahali pa mwili uliokosekana, kama walivyofanya wazee wao, alikubali upesi. Shina la mgomba likafungwa sanda, likazikwa nyuma ya nyumba, likawekewa msalaba wenye jina la Willy. Watu walilala matanga, wakala, wakaondoka.

Valérie hakutoa chozi. Alisimama mlangoni, mikono kifuani.

"Weye uzike mutoto yako," alimwambia mumewe mbele ya watu wote. "Wa kwangu miye naendelea kumutafuta. Sitalilia mugomba."

Akafunga vitu vyake. Tangu siku hiyo majirani waliacha kumwita Vital jina alilozoea, Papa Willy, kwa kumwonea huruma. Wakamwita Fundi. Huruma yao ilimnyang'anya hata jina la baba.

Basi siku moja mchana, mvua imenyesha na umeme umekatika, Vital aliamua kuisubiri ile shida pale pale inapotokea, kituoni. Alikalia ndoo katika chumba cha friji, mikono magotini. Umeme ukarudi. Kadi ikawaka papo hapo. Lakini friji ilikuwa kimya bado, kwa sababu ilipata umeme kupitia stabilizateri, kile kisanduku cha kulinda mashine na umeme mbovu, na stabilizateri ya Bunia si mjinga: imefundishwa kutouamini umeme unaorudi. Huungoja kwanza, dakika kadhaa, ione kama umekuja kukaa, isije ikaunguza mota. Halafu ikalia tak, friji ikaanza kukoroma.

Vital akainuka kwenye ndoo. Sonde ilipata umeme wake kutoka ndani ya friji! Kadi, iliyochomekwa ukutani moja kwa moja, ilikuwa imekwisha amka, imekwisha uliza, imekwisha kata tamaa, sonde ikiwa bado gizani. Na aliyezifunga hivyo ni yeye mwenyewe, kama fundi yeyote wa mji huu angefanya: chenye thamani kikae nyuma ya stabilizateri. Stabilizateri ilikuwa na tundu moja tu. Kadi ikabaki ukutani. Huko kwa wenzake, ambako umeme hauondoki, kadi na sonde huamka pamoja na hakuna anayemngoja mwenzake.

Alifungua ile pilote akaisoma mstari kwa mstari mpaka akafika penyewe. Iliuliza mara moja. Isipojibiwa, iliandika "hakuna", ikafunga mlango, haikurudi tena. Vital alisoma mistari hiyo mara nyingi kuliko ilivyohitajika, na uso ukamwaka moto, asijue kwa nini anaona aibu kwa kosa la mtu mwingine.

Kuisahihisha hakukuwa kazi kubwa. Aliifundisha isiseme hakuna. Iseme bado, ingoje, iulize tena, na tena. Akazima umeme wa kituo, akauwasha. Kadi ikaamka, ikauliza, ikanyamaziwa, ikangoja. Tak. Ikauliza tena, na sonde ikajibu.

"Imefufuka!" Agathe alipiga makofi.

"Haikukufa, mama. Ilikuwa inangojea courant tu."

Hapo akalikumbuka lile kopo. Alikwenda nyumbani kulichukua, akazijaribu zile sonde zote moja moja, Agathe akimwangalia kwa furaha kama mtu anayetazama mchezo. Ya kwanza ikajibu. Ya pili ikajibu. Zote zilikuwa nzima.

"Ee, Fundi!" Agathe akacheka mpaka akashika kiuno. "Kumbe ulikuwa unazika bazima!"

Hakujua alichosema, maskini, alikuwa mgeni. Vital alijaribu kucheka, mdomo ukakataa. Alikusanya vifaa vyake, akaaga kwa mkono.

Wale wa mbali waliyapokea masahihisho yake na kumshukuru kwa jina. Alisoma ujumbe wao meza tupu mbele yake, akageuka kana kwamba kuna mtu wa kumwonyesha. Kesho yake alikwenda nyuma ya nyumba. Mgomba ulikuwa umeoza zamani, udongo umebonyea. Aling'oa msalaba, na ulitoka kirahisi mpaka akaumia moyo. Akaulaza juu ya dari, akapanda pikipiki.

Valérie aliuza chai na mikate penye njia panda ya Iga Barrière. Watu walidhani alipachagua kwa ajili ya wateja. Alipachagua kwa sababu anayetoka milimani au machimboni, aende apendako, lazima apite pale. Kwa miaka yote hiyo alimimina chai na kuuliza.

Vital alikaa kwenye benchi lake. Nywele za mke wake zilikuwa zimekuwa nyeupe bila yeye kuziona. Valérie alimwekea kikombe kama mteja mwingine yeyote.

"Mama Willy," Vital akasema.

Mkono wenye birika ukasimama. Hakuwa amemwita hivyo tangu siku ya mgomba.

"Nimetoa ule musalaba."

Lori likafika kutoka upande wa machimbo, likasimama kwa breki ndefu, watu wakaanza kushuka na mizigo, wamejaa vumbi jekundu.

"Banashuka ku pande mbili," Valérie alisema, akiweka birika chini. "Kila siku banaponyoka bamoja, kwani niko peke yangu. Miye nitauliza ba huku. Weye uende ku ule upande."

Vital akasimama. Alizunguka lori, akamkuta kijana mmoja akishusha gunia.

"Samahani, mwanangu. Unajua mutu mumoja, jina yake Willy? Iko na alama ya moto ku mukono wa kushoto."

Kijana akafikiri kwa heshima, akatikisa kichwa. "Hapana, papa."

Vital akamshukuru, akaenda kwa aliyefuata.