Shikamoo ya Gerezani

Jumapili nilikwenda gerezani kumwona kaka yangu. Mlangoni, mama mmoja mbele yangu alimshika askari kijana mkono. "Afande, mwanangu ana akili za kitoto. Haelewi amri. Mnampiga?"

Askari akakuna kisogo. "Hapana, mama. Ila wakati wa kuhesabiwa hachuchumai mpaka uitikie shikamoo yake. Wenzake ndio walionielekeza. Sasa naitikia marahaba, anachuchumaa, tunahesabu."

"Si mkubwa kwako yule?"

"Sana. Nifanyeje?"

Foleni nzima tulicheka, nami nikakumbuka ofisi ngapi nimesalimia nisiitikiwe. Mama akafuta machozi kwa ncha ya kanga, akamsogelea tena.

"Basi baba, na kuoga umwambie wewe. Mie ilinishinda."