Barua Iliyomwita Marehemu Bishar

"Nimesema siitoi!" nilimwambia Deka. "Hiyo pasipoti hata ukiibomoa nyumba hutaipata."

"Ayeeyo, basi linaondoka saa nne! Kesho asubuhi nisipoweka alama za vidole Nairobi, visa imekufa."

"Ife. Babu yako naye alikufa, mbona bado anatembea?"

Mjukuu wangu, aliyezoea kuniita ayeeyo, yaani bibi, akakaa chini, akashika kichwa. Deka ni muuguzi wa chumba cha upasuaji. Alizaliwa Bura, mwaka ule wa ukame ambapo hata vivuli vya watu vilikuwa vinabisha milango kuomba maji. Miaka sita amewapokeza madaktari visu hapa Garissa, leo na mkataba, kesho bila. Mwishowe hospitali moja ya Uingereza ikamwajiri. Alinieleza kwamba kule huendi hivi hivi: mwajiri ndiye mdhamini wako, jina lako liko mkononi mwake, na mkiachana siku zako za kukaa zinaanza kuhesabiwa.

"Kwa hiyo umetiwa chapa kama ngamia," nilimwambia.

"Nimetiwa. Lakini maziwa utakunywa wewe."

Lingekuwa hilo tu, wallahi ningemsindikiza mwenyewe. Shida ni barua. Sisi huku mtu ana jina lake, la baba yake, na la babu yake. Deka Yahye Bishar. Wazungu wakashika la mwisho. Naye Deka, bila kufikiri, akanisomea kwa sauti papo hapo sebuleni, chini ya msumari linaponing'inia koti la babu yake: "Mpendwa Bishar, tunakungoja. Nyumba yako iko tayari."

Bishar ni mume wangu. Tulimzika miaka kumi na tisa iliyopita.

Na hakuna mtu aliyengoja karatasi kama yeye. Ujanani ngamia alimng'ata gumba la mkono wa kulia akalimeza. Bishar naye akamng'ata ngamia sikio, wakasameheana. Lakini ofisini, alipoenda kutafuta kitambulisho, walitaka gumba.

"Liko wapi?"

"Liko kwa ngamia."

Wakamwambia arudi Jumatatu. Alirudi Jumatatu za miaka kumi na moja. Alitaka kwenda Uarabuni kufanya kazi. Hakuvuka hata daraja la mto Tana, la hapa hapa Garissa.

Tangu barua isomwe, lile koti linajaa mabega. Fimbo yake naiacha mlangoni, naikuta dirishani. Mchana kweupe mbuzi wanasimama wote, wanatazama lango, na pale langoni hakuna mtu. Nikienda kuswali adhuhuri, mkeka naukuta una joto la magoti.

"Anataka gumba lako," nilimwambia Deka. "Ukiliweka kwenye ile mashine atalichukua, aende yeye."

"Ayeeyo, wacha hadithi. Unaogopa kubaki peke yako. Si useme tu?"

Niliinuka, nikaenda kusimama kando ya lile koti.

"Naogopa," nikasema. "Wewe utaenda, na yeye atakufuata. Mimi nitabaki namgombeza nani?"

Deka alifungua mdomo anijibu, mlango ukasukumwa. Akaingia Jirma, dereva wa tuktuk, mtu wa Wajir aliyehamia mtaa wetu mwezi uliopita tu.

"Assalamu aleikum. Abiria wa kwenda steji ya mabasi ni nani?"

"Hatujaita tuktuk," alisema Deka.

"Kuna mzee amenisimamisha hapo langoni. Ndevu za hina, mkono wa kulia hauna gumba. Amesema msichana wake asingoje Jumatatu."

Deka akanigeukia. Mimi sikumtazama. Mkono wangu ulikuwa tayari ndani ya mfuko wa lile koti, umeishika pasipoti.