Bafle za Kumvusha Dada

Sokoni Kindu hakuna anayeuliza kama bafle, yaani spika ya muziki, inasema vizuri. Watu huuliza kama inalia. Muuzaji huiunga kwenye betri, huzungusha kitufe mpaka mwisho, na kuku wa jirani wakikimbia, biashara imekwisha. Mimi niliinama, nikamwomba muuzaji apunguze.

"Nipunguze?"

"Ndiyo, grand," nikasema, kama tunavyowaita wakubwa wetu. "Kabisa."

Alipunguza. Nikabandika sikio kwenye karatasi ya bafle na kufumba macho.

"Weye petit," akasema, kwa sauti ya kuwafikia hata wauza viatu, "unanunua bafle ao unaiungamisha?"

Wauza viatu walicheka. Mimi niliendelea kusikiliza. Jumamosi gari la baba lingempeleka dada yangu mkubwa kwa wakwe zake, ng'ambo ya Lualaba. Wakwe wale wana desturi yao: husimama ukingoni, na bibi harusi ni lazima asikike kabla ya kuonekana. Muziki uwafikie kivuko kikiwa bado katikati ya mto. Asiposikika, watasema maisha yake yote kwamba aliletwa kama dhahabu ya machimbo ya Kama, kwa kificho ndani ya soksi.

"Mudogo wangu," dada aliniambia, "mimi siyo mali ya magendo. Panga hii gari iimbe."

Gari lenyewe lilikuwa limeacha kuimba zamani. Mende walikuwa wamekula bafle za milango mpaka kwenye sumaku. Kazi ilinifikia mimi kwa sababu nyumbani ndimi fundi, yaani nimejifundisha kwenye simu, siku ambazo mtandao unakubali. Najua omu, kile kipimo cha umeme wa bafle, ni nini. Ni ujuzi ambao haujawahi kuniletea hata sahani ya wali, lakini unaninyima usingizi vizuri sana. Tundu za milango nilizipima kwa kipande cha katoni, nikazipima tena, kisha nikaanza kuishuku katoni.

Fedha zilitosha jozi moja tu. Kulikuwa na zile mpya, kubwa, zenye maandishi ya kung'aa yanayoahidi nguvu ambayo mji mzima haujawahi kupewa na umeme wetu. Nilipoibonyeza moja kwa vidole, kitu kilikwaruza ndani. Na kulikuwa na zile kuukuu, zilizong'olewa kwenye magari ya Ulaya, hazina jina wala mapambo, ila mpira wake ulikuwa mzima, na zilipopunguzwa hadi kunong'ona kila herufi ilitoka imenyooka. Nilichukua kuukuu. Muuzaji alinifungia kwa huruma.

Sikio hili nililipata nyumbani, wakati wa vita. Baba alilivua gari magurudumu, akaliweka juu ya matofali nyuma ya nyumba, ili askari yeyote asilipende. Bafle zake, zilezile zilizokuja kuliwa na mende baada ya kurudishwa milangoni, akazing'oa, akaziunga kwenye redio chini ya kitanda. Hapo tulilala kifudifudi, baba, mama, dada na mimi, tukisikiliza habari za nchi yetu kutoka nchi za watu. Nilikuwa mdogo kiasi cha kuamini kwamba ndani ya bafle anakaa bwana mwenye mafua. Amri ya baba ilikuwa moja: jirani akisikia, imezidi. Aliyekohoa alitolewa uani. Treni haikuja, chumvi ilionekana kwa msimu, lakini maneno tuliyapata mazima. Wengine vita iliwafundisha kukimbia. Sisi ilitufundisha kupunguza. Hata leo baba akitaka kusifu bafle husema, "Hii inasema." Bafle za majirani "zinalia", naye hutamka hivyo kama anayetoa pole.

Nilipomaliza kuzifunga, baba aliingia garini, akapandisha vioo vyote, akasikiliza kwa dakika nyingi.

"Inasema," akasema.

Nilikaribia kutoa machozi. Hakuna kati yetu aliyefikiria kusimama nje.

Jumamosi tulipanda kivuko, mimi kwenye usukani, baba kando yangu, dada nyuma katika gauni lililojaza kiti chote. Katikati ya mto niliwasha wimbo. Injini ya kivuko iliumeza. Nikaongeza, nikashusha vioo, nikaongeza tena mpaka kitufe kikakataa. Ng'ambo niliwaona wamama wa upande wa bwana harusi wameweka viganja nyuma ya masikio.

"Inaimba ao inasali?" dada akauliza.

"Inaimba, yaya," nikamjibu dada yangu. "Ngoja."

"Nangoja nini? Nizeeke hapa?"

Baba alikuwa amefumba macho, ameridhika kabisa.

Kisha nahodha akazima injini ili kivuko kisogee chenyewe hadi gatini. Mto ukanyamaza. Nikamshukuru Mungu, mapema mno. Kivuko kiligonga ukingo, fleshi yenye nyimbo ikaruka sakafuni, na redio, kama zilivyo redio za bei yetu, ikajitafutia stesheni yenyewe.

"Familia inawatangazia ndugu na marafiki wote wa Kindu na Kibombo kifo cha mzee wao mpendwa..."

Ilitoka safi. Ilipaa juu ya maji, imenyooka, kila herufi mahali pake. Nilipapasa kitufe, nikawasha vifuta vioo.

"Nani amekufa?" mtu akapiga kelele ukingoni.

"Nyamaza, tusikie!"

Viganja vikarudi nyuma ya masikio. Dada alikuwa amefungua mlango na kutoa mguu mmoja. Shangazi wa bwana harusi akamwinulia mkono. "Ngoja kwanza, mutoto." Dada akangoja, mguu nje, gauni ndani, huku redio ikimaliza marehemu na kupita kwa mbuzi mwenye doa jeusi aliyepotea karibu na stesheni ya treni.

Nilikuwa nimeshamharibia ndoa. Nilianza kutunga maneno ya kumwomba msamaha.

Shangazi akawageukia wenzake. "Bibi harusi tumemusikia ao hatukumusikia?"

"Tumemusikia!"

"Mbali ao karibu?"

"Tangu kule kwenye maji!"

Vigelegele vikalipuka, dada akavutwa nje na mikono kumi. Shangazi peke yake alibaki, akaingiza kichwa dirishani kwangu.

"Ongeza kidogo, mwanangu. Sikushika ule mzee wanamuzika wapi."

"Mama," nikamwambia, "imefika mwisho."